Meno Ishirini na Tatu

Ilianza pale raundabauti ya Donholm:
nikikata kulia, gurudumu la kushoto linahesabu,
ka, ka, ka, ka,
kama mtu anayevunja njugu kwa jino la nyuma.
Nikinyoosha usukani, linanyamaza.
Miezi miwili nikaishi maisha ya mstari ulionyooka,
nikizunguka mbali ili nisikate kona.

Fundi Odinda alisema elfu kumi na mbili, na kesho.
Kesho yake ikazaa kesho.

Basi Jumamosi nimetoka wodini, zamu ya usiku,
sikulala.
Nilikuwa na ekseli ya Grogani ndani ya gunia la mchele.
"Ni ya Vitz, mama, hata usiulize."
Sikuuliza. Hapo ndipo nilipokosea, lakini bado hatujafika.

Nati ya katikati, namba thelathini.
Nanjala ndani, amekanyaga breki kwa miguu yote miwili,
mimi nje, nimesimama juu ya spana, nimeshika paa la gari, naruka.
Kilo sitini na nane. Nati haina habari.
Kasyoka, anayeanika mashuka ghorofa ya pili:
"Ongezea bomba!" Akalitupa bomba.
Tukaongezea bomba.
Kraa!
"Imevunjika?" Nanjala.
"Imekubali."

Jeki. Stendi. Tofali pia, kwa sababu siamini stendi.
Nati zote ndani ya kifuniko cha sufuria.
Wekulo, mlinzi wa ploti, akaja kunisomea ubao wa getini:
hairuhusiwi kutengeneza magari uani.
Akausoma wote, mpaka sahihi ya mwenye nyumba,
kisha akachuchumaa, akashika tochi.

Ekseli ya zamani ilitoka na mafuta ya gia,
meusi, yananuka kitunguu kilichooza,
yakakosa beseni, yakapata kiatu changu.
Nikaipangusa. Nikaiona ile raba.
Ufa wenyewe hauzidi ukucha wa kidole kidogo.
Niliuona Februari. Nilisema mwisho wa mwezi.
Grisi ikatoka polepole bila kuaga,
na mchanga haubishi hodi.

Nikazilaza mbili sambamba juu ya gunia,
kama tunavyolaza mapacha tukitaka kuwapima.
Urefu sawa. Unene sawa.
Nanjala akachukua chaki, akahesabu meno.
"Ya zamani ishirini na tatu."
"Mpya?"
"Ishirini na sita."
"Hesabu tena."
"Mama. Ishirini na sita."

Saa nane mchana, juu ya boda, ekseli mapajani,
mimi na mafuta yangu mpaka kwenye viwiko.
Muuzaji akaitazama, akanitazama:
"Sasa si umeichafua?"
Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika.
Nikarudi na yenye ishirini na tatu.
Nilihesabu mwenyewe, dukani, kwa sauti.

Jua likiegemea mabati ya Umoja, tukaanza kuingiza.
Inaingia robo, inakataa.
Nasukuma, inakataa.
Wekulo anataka nyundo.
Mimi, ambaye nimewaambia wanawake mia kadhaa
usisukume bado, pumua,
nimelala chali saruji ikiniuma mgongo,
nimeng'ata meno, nasukuma.
Nikaacha. Nikapumua.
Nikaizungusha taratibu, nywele kwa nywele,
mpaka meno yakakumbuka nafasi zake.
Tak.
Sauti ndogo kuliko kifungo cha shati.
Kasyoka alidai ameisikia kule juu.

Tulizunguka raundabauti mara nne, vioo chini,
Nanjala kichwa nje.
Madereva wakatupigia honi. Hatukujali.
Hakuna njugu.

Wekulo amemwaga majivu juu ya doa, mwenye nyumba asilione.
Lakini kwenye kifuniko cha sufuria imebaki nati moja.
Ndogo, namba kumi.
Tumelizunguka gari kwa tochi, tumelala chini, tumeuliza Kasyoka.
Hakuna anayejua ni ya wapi.
Nimeitia mfuko wa sare.
Kesho naingia kazini saa moja asubuhi,
nitakata kona zote,
na nitaendesha nikiwa nimetega sikio.